Besi langu limefika na ufa shingoni, na mume wangu anadhani ni la laki tisa

Shangazi shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Ilemela hapa Mwanza. Riziki yangu ni dagaa. Nachukua mwaloni Kirumba, naanika tena, nafungasha, napeleka Tabora na Dodoma. Wikiendi napiga besi. Nilianza kwenye kwaya miaka tisa iliyopita, siku mpiga besi wetu alipohamia Geita na mwalimu akauliza nani atashika gitaa. Watu wakaangalia chini, mimi nikanyoosha mkono kwa utani. Utani huo ndio umenifikisha hapa. Siku hizi mbali na kwaya kuna kikundi cha harusi kinaniita, mwezi mzuri mara tatu, na kila nikitoka narudi na laki moja.

Shida yangu ilikuwa mkono. Mimi ni mfupi, na vidole vyangu ni vya kuchambulia dagaa. Besi la kanisa ni la inchi 34, kwa urefu wa nyuzi, na ikifika mahubiri kiganja cha kushoto kimekufa ganzi. Nikatafuta fupi kidogo, la inchi 32, lenye nyuzi tano, kwa sababu waimbaji wetu wanapenda kushusha ufunguo na mimi nabaki sina pa kwenda chini. Mwanza sikulipata. Kariakoo walinitumia picha za magitaa ya watoto.

Mwaka jana nikampata fundi mmoja Uingereza. Ni mzee, anafanya kazi peke yake kwenye banda nyuma ya nyumba yake, gitaa moja baada ya jingine. Aliniomba nipime kiganja kwa rula, nimpigie picha nikiwa nimeshika besi la kanisa, nimesimama na nimekaa. Shangazi, mtu wa mwisho kunipima namna hiyo alikuwa fundi cherehani wa gauni langu la harusi.

Bei ilikuwa kama shilingi milioni 4.3, nusu mwanzoni, nusu likikamilika, zote kwa kuhamisha benki. Tuliandikiana miezi kumi na moja. Alinitumia picha za kila hatua: mwili, shingo, jinsi anavyoifunga shingo kwa skrubu kwa nyuma, ubao wa vidole wa mpingo. Akaniambia mpingo huo ulitoka Tanzania. Nilicheka peke yangu pale mwaloni. Mbao imetoka kwetu, imeenda Ulaya, inarudi kwangu kwa kulipiwa kodi.

Usafiri wa ndege ulikuwa 780,000. Aliniuliza kama aongeze bima kamili, kama laki moja na nusu hivi. Nikamjibu Mungu atalinda.

Mzigo ukafika Dar, ukakaa. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya kodi juu ya bei ya besi tu. Kumbe hesabu ni nyingine, tena karatasi moja ilikosewa jina langu ikarudi kusahihishwa, na ghala linahesabu siku. Zilifika siku 19. Kodi, wakala na ghala vikanila 1,900,000. Jumla yote ni karibu milioni saba. Hapa ninapoiandika hiyo namba nimesimama kwanza nikanywa maji.

Binamu yangu alinipokelea Dar, akasaini, akalipandisha basi la usiku na kesho yake nikalichukua stendi ya Nyegezi. Nikakaa nalo siku mbili bila kulifungua nikisubiri mume wangu asafiri, yeye ni dereva wa lori.

Nilipofungua, kona moja ya boksi la nje ilikuwa imebonyea, lakini kasha gumu la ndani zima, halina hata mchubuko. Besi linang'aa kama sato aliyetoka majini. Nikaligeuza. Nyuma ya shingo, pale inapoanza kupinda kwenda kwenye kichwa, kuna ufa. Nikibonyeza kichwa kidogo unafunguka kama mdomo.

Nikamwandikia fundi kwamba limefika limevunjika, na kwamba hakulifunga vizuri kwa sababu chini ya kichwa hakukuwa na sponji. Amejibu siku hiyo hiyo. Anasema anasikitika sana, ila hela yangu ameshanunulia mbao na kulipia madeni, hawezi kunirudishia milioni nne kwa mara moja. Nikilirudisha atalitengeneza bure, usafiri juu yangu. Au atanichongea shingo mpya, lakini foleni yake ni miezi minne. Maneno yake ni ya upole na ndiyo yananichanganya. Angekuwa mkorofi ningejua la kumfanya.

Sasa la ndani. Milioni tatu kati ya hizo nilikopa kwenye kikoba chetu cha akina mama, na mimi ndiye katibu. Kwenye kitabu niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, "mtaji wa dagaa". Marejesho yanaanza mwezi ujao na mtaji wenyewe sina. Giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi dagaa wanapovuliwa, nimenunua nusu ya magunia ninayonunua siku zote. Mume wangu nilimwambia besi ni la laki tisa. Hata hiyo laki tisa alinyamaza siku nzima.

Dada mmoja wa kikoba, asiyejua lolote, alikuja nyumbani akaliona kasha akasema besi ni kazi ya wanaume, napoteza muda wangu. Usiku ule nikawaza, labda huu ufa Mungu ananionyesha.

Shangazi, nidai fedha zangu hata kama mzee wa watu ataumia? Nilirudishe? Nimpe fundi wa hapa agundishe nisahau? Na mume wangu nimwambie nini, niwaambie kina mama nini? Nianze na nani? Besi liko chini ya kitanda, sijaligusa tangu siku ile.

Mama Besi, Ilemela

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilinifikia siku ya tisa tangu binamu yako asaini, kwa hiyo sikusubiri zamu ya gazeti. Nilikutumia ujumbe wenye mambo mawili, na wasomaji wengine nao wajue kwa nini. La kwanza, legeza nyuzi. Nyuzi za besi zikikazwa zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mtu mwenye kilo sabini, na chini ya kitanda chako nguvu hiyo ilikuwa inauvuta ule ufa usiku na mchana. La pili, mwandikie msafirishaji wa ndege malalamiko, kwa maandishi, pamoja na picha. Mzigo wa ndege wa kimataifa unasimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na mkataba huo unatoa siku 14 tangu kupokea mzigo kulalamika kwamba umeharibika. Siku zikipita, mlango umefungwa. Umenijibu kwamba umefanya yote mawili. Sasa tukae tuongee.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma habari ya mwanamke aliyeletewa kitu kizuri kikiwa kimevunjika, na nilikuonea uchungu kweli, maana najua mwanamke wa dagaa anavyokusanya milioni moja, sembuse saba. Mara ya pili nikahesabu sentensi. Fundi umempa aya nzima, na nyingine. Ghala umelipatia aya. Basi la kutoka Dar umelipatia sentensi moja, tena umeibana katikati ya binamu na stendi ya Nyegezi. Ni zaidi ya kilomita elfu moja hizo. Na nilipotafuta kwenye maneno uliyomwandikia yule mzee, basi halimo kabisa.

Nilikupigia kuuliza. Ukaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba risiti ya basi imeandikwa "vifaa vya kanisa", thamani haikutajwa, na binamu hakufungua boksi uwanja wa ndege kwa sababu alikuwa anawahi kazini. Simlaumu. Sijui ni nani kati yetu angefungua.

Kwa hiyo nikuulize kwa upole: una uhakika gani kwamba besi lilivunjika mikononi mwa fundi au msafirishaji wake? Mimi nimemuuliza fundi mmoja wa magitaa hapa mjini, bila kukutaja. Anasema ufa wa pale nyuma ya kichwa ni wa kawaida kwa magitaa ambayo kichwa kimepinda kwenda nyuma, kwa sababu pale mbao ni nyembamba na nyuzinyuzi zake zimekatika kwa mshazari. Kasha likianguka chali, mwili unasimama ghafla lakini kichwa, chenye vikazio vya chuma, kinaendelea na safari yake. Kinakatikia hewani. Ndiyo maana kasha linaweza kubaki zima bila mchubuko. Sponji chini ya kichwa ingesaidia, hapo una hoja, na mzee hawezi kuikwepa. Lakini kuanguka kwenyewe kungeweza kutokea London, ghalani Dar, au usiku wa manane pale Singida wakati utingo anatafuta gunia la mtu anayeshuka.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sheria ya haki za mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015 kwa kawaida inauacha mzigo kwenye hatari ya muuzaji mpaka ufike mikononi mwa mnunuzi au mtu aliyemteua. Mtu uliyemteua ni binamu. Maana yake, mpaka dakika ile ya kusaini Dar, ukivunjika umevunjikia kwa fundi. Baada ya dakika ile umevunjikia kwako. Ukimdai ukiwa umelificha basi, unamdai mtu alipe kitu ambacho huenda si chake, na siku akiuliza "kutoka Dar kilifikaje Mwanza?" utamjibu nini? Ataliuliza tu. Anayo ramani kama sisi.

Haya, tuseme unadai. Kwa msafirishaji wa ndege usitegemee kurudishiwa milioni nne. Mkataba ule ule unaweka kikomo: tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, isipokuwa mtumaji awe ametangaza thamani na kulipia ziada. Besi na kasha lake ni kama kilo kumi au kumi na moja. Piga hesabu unapata kama robo ya bei ya besi lako. Tena msafirishaji ana njia ya kutokea, akithibitisha kwamba tatizo ni ufungaji wa mtumaji, na wewe umeshaandika kwa mkono wako kwamba sponji haikuwepo. Na kusaini bila kulalamika kunachukuliwa kuwa ushahidi wa awali kwamba mzigo ulifika salama. Ile laki moja na nusu ya bima ndiyo ingekuokoa hapa. Sikusemi, mwanangu. Mimi mwenyewe nimeshamwambia Mungu alinde vitu vingi ambavyo alinipa akili nivilinde mwenyewe.

Kumdai fundi fedha zote kunawezekana, lakini umelipa kwa kuhamisha benki, hakuna kadi ya kurudisha muamala, na mahakama ya kwao iko mbali na Ilemela. Nguvu uliyo nayo juu yake ni aibu yake tu na jina lake. Ukilitangaza jina lake kwa watu wanaonunua magitaa utamuumiza, huenda sana, kwa sababu mafundi wadogo wa namna hiyo wanaishi kwa kusemwa vizuri. Fedha hutaziona kwa njia hiyo. Na mtu pekee duniani mwenye vipimo vya kiganja chako atakuwa amefunga mlango. Inawezekana bado ukaona ni haki yako, sitakukataza. Ila ungoje kwanza ujue basi lilifanya nini.

Kulirudisha zima kuna gharama nyingine. Ni 780,000 tena ya kwenda, na ya kurudi sijui atalipa nani, hamjakubaliana. Tena lisiondoke hivi hivi. Wakala aliandikishe forodhani kabla halijatoka, kwamba linakwenda kwa matengenezo na litarudi, karatasi ibaki kwako. Bila karatasi hiyo linaweza kurudi likahesabiwa kama mzigo mpya. Na hesabu yenyewe umeshaijua kwa machozi: ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, halafu kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake. Ndiyo maana kalamu yako ya mwanzo ilikosea. Kuhusu mpingo, maana najua ungeniuliza: mpingo na jamaa zake wote wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na kwa miaka karibu mitatu magitaa yalisumbuliwa mipakani kwa ajili hiyo. Tangu mwishoni mwa Novemba 2019 ala ya muziki iliyokamilika imeondolewa kwenye kudaiwa kibali. Hilo usilipotezee usingizi, unayo mengine ya kukukosesha.

Lakini kuna neno umelipitia haraka kama ulivyolipitia basi, na hili ni la heri. Umesema shingo imefungwa kwa skrubu kwa nyuma. Kumbe haikugundishwa kwenye mwili! Basi besi lako si kitu kimoja, ni viwili. Shingo peke yake haifiki kilo mbili, inaingia kwenye boksi jembamba, na mtu anayesafiri anaweza hata kuibeba kwenye begi lake na kuitaja forodhani. Yule mzee anaposema "shingo mpya, miezi minne", huenda anakupa kitu chepesi kuliko unavyodhani. Au shingo yako ile ile iende, airekebishe, irudi, mwili ubaki Ilemela. Muulize. Muulize pia kama miezi minne ni minne kweli. Mafundi wana kalenda yao, wa Uingereza na wa Mabatini sawasawa.

Fundi wa hapa je? Yule niliyemuuliza anasema ufa safi ambao haujakatika kabisa, ukiingizwa gundi nzuri ya mbao na kubanwa vizuri usiku kucha, unaweza kushika miaka mingi. Ataomba laki moja au mbili. Hofu yake ni moja: mtu akiwahi kumimina gundi ya haraka, ile ya chupa ndogo, au epoksi, anauziba ufa juu juu na ndani unabaki wazi, na anayekuja baada yake hawezi tena kuusafisha. Kwa hiyo ukichagua njia hii, mwombe akuonyeshe gitaa lingine alilolitibu hivyo, ulishike, ulipige. Seremala wa mitumbwi anaijua mbao vizuri sana, lakini mbao yake haivutwi na nyuzi tano. Na kabla ya kugundisha mtu yeyote, mwambie mzee. Likishaguswa na mkono mwingine, ahadi yake ya kutengeneza bure inaweza kuyeyuka, na itakuwa vigumu kumlaumu. Ufa ukishatengenezwa usishangae pia shingo ikijikunja kidogo kwa wiki chache. Mbao iliyokaa kwenye banda kavu la Ulaya ikifika kando ya ziwa, tena mvua zikikaribia, inakunywa unyevu. Ndani ya shingo kuna chuma cha kuinyoosha, kinazungushwa kidogo kidogo na mtu anayejua. Usikizungushe wewe kwa hasira.

Nimekuwa mrefu kwenye mbao kwa sababu mbao ni rahisi. Tuje kwa watu.

Umetumia neno "la ndani" kwa habari ya kikoba na mume, kana kwamba besi ni jambo moja na hayo ni jingine. Mimi nimeona ni jambo moja. Fundi anajua kila kitu isipokuwa basi. Mumeo anajua besi isipokuwa bei. Kina mama wanajua mkopo isipokuwa besi. Wewe peke yako ndiye unayejua yote, na umelala juu yake, kitanda na godoro. Ndiyo maana nadhani huwezi kuamua hata jambo dogo la gundi: kila njia unayoishika inakutaka uongeze uongo kwa mmoja wao. Ukilirudisha Uingereza, mumeo atauliza kwa nini besi la laki tisa linasafirishwa kwa laki nane. Ukikaa kimya na kuligundisha, marejesho ya kikoba yanakusubiri mwezi ujao na magunia hayapo.

Kwa mumeo sina hakika kama unavyodhani una hakika. Alinyamaza siku nzima kwa laki tisa, umesema. Kunyamaza kwa dereva wa lori kunaweza kuwa hasira. Kunaweza pia kuwa mtu anayejiuliza kwa nini mke wake alinunua kitu kikubwa bila kumwambia kwanza, na laki tisa ikiwa haimo kabisa kwenye mawazo yake. Unamjua wewe, mimi simjui. Kama ni mtu wa kupiga, au umewahi kuuhofia mwili wako mbele yake, sahau yote niliyoyasema, na usimwambie mkiwa wawili peke yenu. Niandikie tena tupange vingine. Kama ni mtu wa kununa na kisha kuongea, fikiria angesikia wapi habari ya milioni saba kama si kwako. Binamu anajua. Wakala anajua. Mwanza ni mji mkubwa lakini Ilemela ni kijiji.

Kwa kina mama ni kugumu zaidi, na hapo sitakupaka mafuta. Ungekuwa mwanachama wa kawaida, mkopo uliogeuzwa matumizi ni jambo la kulipa faini na kusemwa mkutano mmoja. Wewe ni katibu, umeandika mwenyewe. Ukiungama mapema, kabla rejesho la kwanza halijakwama, unaweza kupoteza ukatibu na ukabaki na wenzako. Wanaweza pia kukuongezea muda, vikoba vingi vimewahi kufanya hivyo kwa aliyefiwa au aliyeuguliwa, ingawa besi si msiba na watakuambia hivyo. Njia ya pili ni kukaza: harusi tatu kwa mwezi kwa besi la kanisa na ganzi yako, dagaa nusu, rejesho linatoka, hakuna anayejua. Wapo waliofanikiwa hivyo. Lakini giza moja likiharibika, mvua ikikukuta umeanika, huna akiba na huna wa kumwambia, kwa sababu utakuwa unamwambia kwa mara ya kwanza siku ile ya kudaiwa. Kuna na njia ya kuuza mwili wa besi na vifaa vyake kwa mtu mwingine ulipe deni. Naitaja kwa sababu ipo. Nilipokutajia kwenye simu ulinyamaza, nikasikia jogoo wa jirani yako.

Halafu huyu dada wa "kazi ya wanaume". Mwanangu, kule Guinea mwaka 1961 waliunda bendi ya wanawake askari watupu, Les Amazones de Guinée, na besi lao halikupigwa na mwanamume aliyefichwa nyuma ya pazia. Kuhusu Mungu kukuonyesha kwa ufa, nakuuliza hivi: magunia yako ya dagaa yaliponyeshewa, uliacha dagaa? Au ulinunua turubai? Nahisi kwa dagaa hukutafuta ishara kwa sababu dagaa hakuna aliyewahi kukuambia si mahali pako. Sitaki kukuamulia Mungu anasema nini. Nataka tu uangalie ni sauti ya nani hasa uliyoisikia usiku ule.

Uliniuliza uanze na nani, na jibu la hilo sinalo, kwa kuwa kila mlango una mtu nyuma yake na wewe ndiye unayewajua. Naona tu kwamba wa mbali ndiye mwepesi kuliko wote. Ukiamua kuanza naye, mpigie picha risiti ya basi umtumie pamoja na picha ya skrubu za nyuma, halafu muulize nini kinawezekana kwa shingo peke yake. Vipimo vya kiganja chako bado anavyo.

Shangazi